Talaka ya maelewano Uingereza kwa ada isiyobadilika: jinsi ya kuisoma bei kabla ya kutia saini

Mawakili wengi wa Uingereza siku hizi hutangaza talaka kwa bei moja: unatajiwa kiasi tangu mwanzo, unalipa, na wakili anaifikisha kazi mwisho bila kukuhesabia saa wala simu. Kwa wanandoa waliokwisha kukubaliana kuachana, utaratibu huo ni mzuri, kwa sababu unamwondolea mtu hofu ya ankara isiyojulikana ukomo wake. Hata hivyo, katika miaka ambayo nimekaa na jamaa zetu tukizisoma barua hizi za mawakili sentensi kwa sentensi, nimeona kosa moja likijirudia: mtu hudhani amenunua mwisho wa mambo yote ya ndoa, kumbe amenunua karatasi inayosema kwamba ndoa imekwisha. Nyumba, pensheni, akiba na kile kiwanja cha Kigamboni havimo. Mwongozo huu ni kwa Waswahili wanaoishi England na Wales; Uskoti na Ireland ya Kaskazini zina sheria na mahakama zao, na bei inayotangazwa London haikuhusu ukiwa Glasgow au Belfast.

Kwa nini bei moja inawezekana

Hadi mwanzoni mwa 2022, aliyetaka talaka alilazimika kumtuhumu mwenzake kwa uzinzi, mwenendo usiovumilika au kumtelekeza, ama asubiri miaka 2 ya kutengana ikiwa mwenzake ameridhia, na 5 ikiwa hajaridhia. Sheria ya Talaka, Uvunjaji wa Muungano na Utengano ya 2020, iliyoanza kutumika tarehe 6 Aprili 2022, iliondoa hayo yote. Sasa inatosha mwombaji, au wote wawili kwa pamoja, watamke kwa maandishi kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na mahakama hulichukua tamko hilo kuwa ushahidi kamili. Mwenza hawezi tena kupinga kwa sababu tu hataki kuachwa. Anaweza kubishania mamlaka ya mahakama au uhalali wa ndoa yenyewe, ama kudai kwamba ndoa hiyo ilikwisha kuvunjwa mahali pengine. Kwa kuwa ubishi umebanwa hivyo, wakili anaweza kuikadiria kazi yake tangu siku ya kwanza.

Utaratibu ni huohuo kwa muungano wa kiraia, yaani ule uhusiano unaosajiliwa kisheria wenye haki zinazokaribiana sana na za ndoa, uliofunguliwa kwa watu wa jinsia moja Desemba 2005 na kwa mwanamume na mwanamke tarehe 31 Desemba 2019. Hatua, muda na ada ya mahakama havitofautiani. Nikisema ndoa hapa chini, muungano huo umo pia, isipokuwa pale ninapozungumzia nikaha.

Kabla ya kumtafuta wakili

Hakikisha kwanza kwamba mahakama ya England inaweza kuivunja ndoa yako. Ndoa lazima iwe imetimiza mwaka mmoja, na kwa kawaida angalau mmoja wenu awe na makao yake England au Wales kwa maana inayokubalika kisheria. Anwani ya kuazima haifai: mwaka 2014 jaji aliyafuta mashauri 180 ya talaka ya wanandoa wa Kiitalia baada ya kubainika kwamba karibu yote yalitumia anwani moja ya sanduku la barua mjini Maidenhead. Mtu akikuahidi talaka ya haraka kwa anwani ya rafiki yake, mkimbie.

Ndoa iliyofungwa Tanga, Lamu, Unguja au Bujumbura inakubalika mradi ilifuata sheria ya mahali ilipofungwa, na hukutakiwa kuisajili upya Uingereza. Hapa wengi wetu huchanganyikiwa, kwa kuwa nikaha mbili zinazofanana kwa kila kitu, hotuba ileile, mahari na mashahidi wawili, zinaweza kuwa na hadhi tofauti kabisa. Nikaha ya Zanzibar iliyofungwa kihalali ni ndoa mbele ya jaji wa London. Nikaha iliyosomwa sebuleni Leicester, bila msajili na bila taratibu za kiserikali, siyo; mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba sherehe ya namna hiyo haihesabiwi hata kuwa ndoa batili, hivyo mahakama haina ndoa ya kuvunja wala mali ya kugawa kwa sheria ya talaka. Ukiwa katika hali hiyo usilipe ada ya talaka kwa mtu yeyote. Unachohitaji ni ushauri juu ya mali na watoto kwa njia nyingine za kisheria.

Na kinyume chake: talaka iliyotamkwa au kuandikwa Uingereza, hata mbele ya masheikh wa baraza, haivunji ndoa mbele ya serikali, kwa sababu Sheria ya Familia ya 1986 haiitambui talaka yoyote inayopatikana ndani ya visiwa vya Uingereza isipokuwa ile iliyotolewa na mahakama. Aliyemwacha mkewe mjini Birmingham, na eda ikaisha, bado ni mumewe katika daftari la serikali, naye akifunga ndoa nyingine ya kiserikali anatenda kosa la jinai. Mwenye wake zaidi ya mmoja, au aliyeolewa na mume mwenye mke mwingine, asianze na huduma ya bei moja. Alipie kwanza saa moja ya ushauri, maana uhalali wa kila ndoa huangaliwa kivyake.

Kisha tayarisha cheti. Mahakama inataka cheti halisi cha ndoa au nakala iliyothibitishwa, na kama kimeandikwa kwa Kiswahili, Kiarabu au Kifaransa, lazima kiambatane na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa na mfasiri. Kama cheti kimepotea, omba nakala mapema kwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ikiwa ndoa ilifungwa Tanzania Bara, au kwa msajili wa mahali husika, kwa sababu kusubiri nakala kutoka nyumbani kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kazi yote ya wakili. Yaangalie majina pia. Mwanamke aliyeandikwa kwenye cheti cha ndoa kwa jina lake, la baba na la babu, huku pasi yake ya Uingereza ikibeba jina lake na la mume tu, atatakiwa kueleza tofauti hiyo, na maelezo ya mistari miwili yaliyotolewa mwanzoni huzuia maombi kurudishwa.

Kuomba pamoja au peke yako

Maombi ya pamoja ndiyo yanayolingana zaidi na talaka ya maelewano. Hakuna anayemshtaki mwenzake, ada ya mahakama ni moja, na hakuna nyaraka za kumfikishia mtu. Faida hii ya mwisho ni kubwa kwetu: ukiomba peke yako na mwenzako amerudi Mombasa au Dar es Salaam, mahakama haitamfikishia maombi nje ya England na Wales, bali wewe au wakili wako ndiye wa kupanga jinsi ya kumfikishia kihalali, na gharama hiyo karibu kila mara iko nje ya bei iliyotangazwa. Wakiomba pamoja, kila mmoja anathibitisha tamko lake, na mmoja akisita njiani, mwingine anaweza kuendelea peke yake kuanzia hatua ya kuomba amri ya masharti, yaani idhini ya kwanza ya jaji, au amri ya mwisho, ile inayoivunja ndoa.

Lakini palipokuwa na kipigo, vitisho au udhibiti wa fedha, omba peke yako, na uiombe mahakama iifiche anwani yako. Mwenye ushahidi wa ukatili wa nyumbani anaweza pia kustahili msaada wa kisheria wa serikali, ambao kwa talaka ya kawaida haupatikani, kwa hiyo aulizie hilo kabla ya kulipa senti.

Kumbuka pia kwamba wakili, kwa kawaida, ana mteja mmoja. Hata mkiketi naye pamoja mkinywa chai yake, muulize waziwazi anamwakilisha nani. Zipo ofisi zinazowahudumia wote wawili pale pasipo mgongano wa maslahi, na zinapaswa kulieleza hilo kwa maandishi, pamoja na kitakachotokea mkianza kutofautiana.

Barua ya bei, mstari kwa mstari

Chukua barua ya mfano. Juu imeandikwa kwamba ada ya talaka isiyopingwa ni pauni 400. Neno la kwanza la kulitafuta ni "kuanzia": bei inayosema kuanzia pauni 400 haijapangwa, imekisiwa tu. La pili ni VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 20. Pauni 400 zinakuwa 480. La tatu ni ada ya mahakama, ambayo tangu Aprili 2025 ni pauni 612 na haitozwi kodi hiyo. Kwa hiyo tangazo la pauni 400 linakuwa pauni 1,092 mfukoni mwako. Ada ya wakili hapo nimeiweka kwa ajili ya hesabu tu. Ile ya mahakama hulipwa na kila mtu, isipokuwa mwenye kipato na akiba ndogo, ambaye anaweza kuomba punguzo au msamaha serikalini. Katika maombi ya pamoja, msamaha hutolewa pale tu wote wawili wanapostahili.

Sasa shuka hadi chini ya barua, palipoandikwa yasiyomo. Nimezoea kuanzia hapo. Utakuta amri ya makubaliano ya fedha, yaani amri ya jaji inayoidhinisha mgawanyo wa mali mliokubaliana, haimo, watoto hawamo, tafsiri ya cheti haimo, kumfikishia nyaraka mwenza asiyejibu haimo, na mawasiliano na wakili wa upande wa pili yamewekewa kikomo. Halafu kuna sentensi moja, mara nyingi ndefu na iliyofichika, inayosema kwamba shauri likiacha kuwa lisilopingwa, malipo yatahesabiwa kwa saa. Iwekee alama. Muulize wakili mambo matatu kwa barua pepe, ili majibu yabaki: ni tukio gani hasa litakaloigeuza bei, saa moja ni pauni ngapi, na kama atakuarifu kabla au baada ya kuanza kuhesabu. Mwenza kutojibu ndani ya siku 14 si upinzani, lakini ofisi nyingine hulichukulia hivyo. Uliza pia kama pesa hurudishwa mkipatana katikati ya safari, jambo ambalo hutokea, na ambalo namwombea kila anayesoma hapa awe na nafasi nalo.

Hakikisha anayekuandikia ni wakili kweli. Mawakili wa England na Wales husimamiwa na mamlaka inayojulikana kwa kifupi SRA, na orodha yao iko wazi kwa umma kwenye intaneti. Kampuni isiyosimamiwa inaweza kukusaidia kujaza fomu, na fomu ikajazwa vizuri, lakini ikikosea huna Msuluhishi wa Malalamiko ya Kisheria wa kumwendea. Kwa wakili aliyesajiliwa, unalalamika kwanza ofisini kwake, na asipokuridhisha ndani ya wiki 8 unapeleka shauri kwa msuluhishi huyo bila malipo.

Nami naona ni haki kusema hili: kuvunja ndoa kwenyewe hakuhitaji wakili. Huduma ya serikali ya mtandaoni inamwezesha mtu anayesoma Kiingereza kwa utulivu kuomba mwenyewe kwa kulipa ada ya mahakama pekee. Kama una pesa ya kumlipa wakili kwa kazi moja tu, mlipe kwa amri ya makubaliano.

Kalenda

Tuseme mahakama imefungua maombi yenu Jumatatu tarehe 12 Januari 2026. Wiki 20 lazima zipite, kwa hiyo siku ya mapema kabisa ya kuomba amri ya masharti ni tarehe 1 Juni. Hakuna ada ya wakili inayoweza kuzifupisha wiki hizo. Zimewekwa na sheria ili watu watafakari na kupanga maisha. Jaji husoma karatasi, na akiridhika hupanga siku ya kuitangaza amri, ambayo hamhitaji kuhudhuria. Ikitangazwa tarehe 6 Julai, mnasubiri wiki 6 na siku 1, na kuanzia tarehe 18 Agosti mnaweza kuomba amri ya mwisho. Ndoa huisha siku amri ya mwisho inapotolewa, na si kabla. Asipoiomba mwombaji aliyeanzisha shauri peke yake, mjibu maombi anaweza kuiomba baada ya miezi mitatu zaidi. Na ikipita miezi 12 tangu amri ya masharti, mahakama itataka maelezo ya kuchelewa.

Wiki 20 zile ni za kazi. Ndani yake ndimo mkae, peke yenu au na mpatanishi, mwandike kila mlicho nacho.

Amri ya makubaliano

Amri ya mwisho huvunja ndoa lakini haizimi madai ya fedha. Mkiachana bila amri ya mahakama kuhusu mali, kila mmoja anabaki na mlango wa kumdai mwenzake, hata mkiwa mmeandikiana karatasi mezani, mbele ya wazee, mkapeana mikono. Kesi ambayo mawakili huitaja kila mara ni ya Dale Vince, aliyeachana na mkewe Kathleen Wyatt wakati wote wawili hawana kitu. Talaka yao ilikamilika 1992. Baadaye Vince alitajirika kwa biashara ya umeme wa upepo, na mwaka 2011 Wyatt akapeleka dai. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliruhusu dai hilo liendelee, na mwaka uliofuata lilimalizwa kwa malipo ya pauni 300,000. Kwa hiyo anayesema "sisi hatuna mali ya kugawana" ndiye hasa anayehitaji amri ya kukata madai, kwa kuwa hajui miaka 20 ijayo itamletea nini.

Wakili huandika rasimu ya makubaliano, nanyi hujaza fomu ya D81 inayoeleza kipato, nyumba, madeni na pensheni za kila mmoja. Jaji haigongi mhuri tu. Huangalia kama mgawanyo ni wa haki, na anaweza kukataa au kuuliza maswali. Mali iliyoko nyumbani lazima iandikwe pia: nyumba ya Mombasa, shamba la Muheza, kiwanja kilichonunuliwa kwa jina la kaka. Nimemwona mwanamke akikunja karatasi yake kimya, baada ya mumewe kusema kiwanja cha Afrika hakihesabiwi. Kinahesabiwa, na makubaliano yaliyopatikana kwa kuficha mali yanaweza kufunguliwa upya. Ada ya mahakama kwa amri hii ni pauni 60. Ya wakili hutangazwa kivyake, nayo pia mara nyingi kwa bei moja.

Jaji anaweza kuiidhinisha baada ya amri ya masharti, nami nasisitiza: usiombe amri ya mwisho kabla haijaidhinishwa, isipokuwa wakili wako akupe sababu nzito. Siku ndoa inapoisha, wewe si mume wala mke tena. Mwenzako akifariki wiki inayofuata, pensheni ya mjane inaweza kukupita. Kama nyumba iko kwa jina lake pekee, haki yako ya kuishi humo kama mwenza hukoma, isipokuwa mahakama iliagiza vingine. Na mjibu maombi anayefunga ndoa mpya kabla ya kuwasilisha dai lake hupoteza haki ya kudai fedha na nyumba, ingawa si mgawo wa pensheni.

Kurudi nyuma ni vigumu mno. Oktoba 2023 mfanyakazi wa ofisi moja ya mawakili London alichagua kwa makosa jina la wanandoa wengine kwenye mfumo wa mtandaoni, akawaombea amri ya mwisho wakati mazungumzo yao ya mali hayajaisha. Amri ilitoka ndani ya dakika 21. Aprili 2024 rais wa Kitengo cha Familia cha Mahakama Kuu alikataa kuifuta.

Baada ya amri ya mwisho

Wosia wako wa Uingereza husomwa kana kwamba mwenza wa zamani alifariki siku ya amri, kwa hiyo andika mpya. Anayeishi kwa viza ya mwenza anatakiwa kuiarifu Wizara ya Mambo ya Ndani kwamba uhusiano umevunjika, na inaweza kumfupishia ruhusa ya kukaa. Ushauri wa uhamiaji autafute kabla ya kuwasilisha maombi ya talaka, maana wakili wa ndoa wa bei moja hautoi.

Kwa Mwislamu, amri ya mahakama haimalizi upande wa dini. Mkubaliane mapema, na ikiwezekana muandike, kwamba mume atatoa talaka au ataridhia khului, yaani talaka anayoiomba mke, kwa tarehe fulani, ili mwanamke asibaki ameachwa serikalini na amefungwa msikitini. Na umuulize sheikh wenu eda ihesabiwe kuanzia lini. Kisha omba nakala zilizothibitishwa za amri ya mwisho, mbili au tatu, moja uipeleke nyumbani kwa mtu unayemwamini. Siku utakapotaka kuoa au kuolewa tena Dar es Salaam au Mombasa, jiandae kuulizwa na msajili karatasi hiyo, na picha iliyomo kwenye simu huenda isimridhishe.